Bei Imeshuka, Spea Hazijashuka

Mjadala huu nimeuweka gerejini, eneo la viwanda la Sharjah, kwa sababu magari mengi yanayong'aa barabarani Dubai huja kufunguliwa huko. Wazungumzaji ni wa kubuni. Magari, miaka na maradhi yake ni ya kweli. Bei za matengenezo ni makadirio ya gereji huru, si ya wakala wa kiwanda, na atakayekwenda sokoni atazikuta zimepanda au zimeshuka kidogo.

Wapo wanne. Kijana ni mtu wa Mombasa, anafanya kazi ya mizigo Dubai na ameweka akiba. Fundi ni Mzanzibari aliyekulia Muscat, mikono yake imezoea injini za Kiitaliano. Mhasibu ni dada wa Dar es Salaam. Wa nne ni Dalali, ambaye hapendi kuulizwa anatoka wapi. Mwenyekiti ni mimi, na nitaingilia nikiona wamepotea.

KIJANA: Ami, kabla hujafungua kinywa, usinianzie na "rahisi huvunja upishi". Nimeisikia kwa mama, nimeisikia kwa mchumba. Nataka sababu na hesabu. Gari ni Ferrari 360 Modena la mwaka 2002, jekundu, kilomita 31,000 tu. Muuzaji anataka dirhamu 270,000, kama dola 73,500. Lilipokuwa jipya lilikuwa likiuzwa Marekani kwa zaidi ya dola 140,000. Kwa pesa hizo hapa watu wananunua Land Cruiser na hakuna anayewauliza kitu.

FUNDI: Kilomita 31,000 kwa zaidi ya miaka 20. Na wewe, mwanangu, unazitaja kama sifa.

DALALI: Ni sifa! Gari halijachoka. Mwenyewe alikuwa akilitoa Ijumaa kwa Ijumaa.

FUNDI: Ijumaa gani? Mwezi wa sita mpaka wa tisa mwenye gari yuko Ulaya au Salalah, na gari liko chini ya jengo. Betri inakufa. Mafuta ya breki yanavuta unyevu. Sili za giaboksi na za pampu zinakauka kwa sababu hakuna oili inayozilowesha. Matairi yanakaa na uzito sehemu moja hadi yanapata bapa. Mpira hauhesabu kilomita, unahesabu miaka na joto. Niletee gari la kilomita 70,000 lililoendeshwa kila wiki, lenye faili la risiti nene kama msahafu, nitakuambia nunua. Hili lako nitakuambia ngoja.

MHASIBU: Kwani risiti za huyu zinasemaje?

KIJANA: Zipo. Oili kila mwaka.

MHASIBU: Oili tu?

KIJANA: Oili na kuosha.

Hapa walicheka, na mimi pia. Lakini swali la Mhasibu ndilo lililonifanya niuite mkutano. Magari ya aina hii hununuliwa kwa macho, wakati yaliyokwisha kutendwa na yaliyoachwa bila kutendwa yamo kwenye makaratasi. Nikamwomba Fundi aeleze ni kitu gani hasa kilichoachwa katika gari hilo.

FUNDI: Mikanda ya taimingi. Injini ya 360 ni V8 ya lita 3.6, ina valvu 40, tano kwa kila silinda, na mikanda miwili ndiyo inayozifungua na kuzifunga kwa wakati. Mkanda mmoja ukikatika, valvu zinabaki wazi na pistoni inakuja juu kuzigonga. Hapo hatuzungumzi tena matengenezo, tunatafuta injini. Kwa hiyo mikanda hubadilishwa kila miaka mitatu, wengine wanavuta hadi mitano, hata kama gari halikutoka nje ya banda. Pamoja nayo unabadilisha beringi za kukazia, maana beringi ikijamu inaua mkanda mpya vilevile. Hapa kwangu kazi hiyo, na mafuta yote yakibadilishwa, ni kati ya dola 3,000 na 5,000.

KIJANA: Hiyo nimeihesabu. Mara moja kwa miaka mitatu, naweza.

FUNDI: Na bado 360 ni la huruma. Unatoa viti, unafungua kifuniko nyuma yake, unaifikia mikanda kwa mbele. Gari lililotangulia, F355, lililotengenezwa kuanzia 1994 hadi 1999, huwezi hivyo. Ni lazima kushusha injini. Unafungua fremu ya nyuma, unaliinua gari, injini na giaboksi vinabaki chini.

DALALI: F355 ndilo gari zuri kuliko yote waliyowahi kutengeneza Ferrari kule Maranello. Kwa sauti hiyo mimi ningelala gerejini.

FUNDI: Utalala, bila ya kutaka. Nimelifanyia kazi F355 na nalipenda, ndiyo maana nalisema. Matawi ya ekzosi yake hupasuka karibu na injini. Yakipasuka, hewa moto inavujia mahali pasipofaa na vipimo vya oksijeni vinadanganya kompyuta. Halafu kuna gaidi za valvu, vile vibomba ambamo shina la valvu hupanda na kushuka. Magari ya mwanzo yaliwekewa za shaba nyeusi laini, zikaliwa mapema. Dalili yake ni moshi wa bluu ukiliwasha asubuhi, oili inapungua, na mgandamizo wa silinda haulingani. Kuzibadilisha ni kuvua vichwa vyote viwili vya injini. Ukiambiwa dola 10,000 shukuru, kwa sababu nimeona wanaolipa zaidi. Kushusha injini kwa ajili ya mikanda pekee huwa dola 6,000 na kupanda. Sasa mtu amenunua F355 kwa sababu lilikuwa nafuu kuliko 360, akalipitisha miaka sita bila kulishusha injini, kisha akaliuza. Aliyenunua baada yake amelipa deni la mtu mwingine.

MHASIBU: Neno hilo la deni ndilo ninalolitafuta, ami. Bei ya gari inashuka kwa sababu soko limekadiria deni lililomo. Tofauti ya dola 15,000 kati ya 360 mbili zinazofanana si punguzo. Ni kazi ambazo hazikufanywa, na muuzaji amekuachia wewe uzifanye.

DALALI: Dada, si zote. Wengine wanauza kwa shida zao. Mtu ameachishwa kazi, visa inakwisha, anataka kuondoka.

MHASIBU: Mtu mwenye shida za pesa ndiye wa kwanza kuahirisha sevisi. Umejibu hoja yangu, ahsante.

Kijana alikuwa na hoja nyingine mfukoni, na ni hoja ninayoiheshimu. Alikuwa amesoma kwamba F430, lililotoka mwaka 2004 kushika nafasi ya 360, halina mikanda. Lina minyororo.

FUNDI: Kweli kabisa. Minyororo, na injini ni nyingine, lita 4.3. Umeondokana na mikanda. Lakini matawi ya ekzosi yanapasuka tena, na katika F430 hatari ni kwamba vipande vya ndani vikimomonyoka vinaweza kurudishwa kwenye silinda. Wenye akili hubadilisha matawi kabla hayajapasuka, wakaweka ya mtengenezaji mwingine yenye chuma kinene. Halafu tazama breki. Kama gari lina diski za kaboni na seramiki, usizifurahie kwa sababu hazina kutu. Pima unene, pima uzito, tafuta ufa wa ukingoni. Seti nzima ya diski nne ni gari dogo zima, inaweza kufika dola 20,000. Kuna watu wanaoingia barabara ya Jebel Jais mara mbili tatu, wakashuka na breki zikinuka, kisha wakaliuza gari wiki hiyohiyo.

KIJANA: Basi niachane na Italia ya Ferrari. Gallardo je? Ni Lamborghini, lakini Lamborghini ni ya Audi tangu 1998. Nimeambiwa spea nyingi ni za Audi, unakwenda duka la Audi unanunua kwa bei ya Audi.

DALALI: Hapo umeongea. Gallardo zimetengenezwa 14,022, toka 2003 hadi 2013. Soko halikosi spea.

FUNDI: Nusu ya maneno hayo ni kweli, na hiyo nusu itakuokoa pesa. Sensa, swichi, pampu fulani, kompresa ya eyakondisheni, ukiijua namba ya Audi utalipa sehemu ndogo ya bei iliyoandikwa kwenye boksi la fahali wa Lamborghini. Nusu nyingine ni klachi. Gallardo nyingi zina e-gear. Wanunuzi wanadhani ni otomatiki. Si otomatiki. Ni giaboksi ya mkono, klachi ya kawaida kavu, ila badala ya mguu wako kuna pampu ya haidroliki inayoibana na kuiachia. Unapotambaa polepole pampu inaishika klachi nusu nusu, inasugua. Sasa wewe unakaa wapi?

KIJANA: Sharjah. Kazi Dubai.

FUNDI: Barabara ya Al Ittihad, asubuhi na jioni.

KIJANA: Kila siku.

FUNDI: Basi utakula klachi kama karanga. Mtu wa barabara wazi anaweza kufika kilomita 30,000 na zaidi kwa klachi moja. Mtu wa foleni, na anayependa kurudi kinyumenyume akipanda kwenye paki ya ghorofa, nimeona imekwisha kabla ya 10,000. Kubadilisha ni dola 5,000 hadi 8,000, maana hubadilishi sahani peke yake, utakuta na flaiwili imeungua na beringi ya kuachia imelia. Hilo 360 lako nalo, kama lina giaboksi ya F1, ni ndugu mmoja na hilo, mfumo ni uleule. Zuri lake ni kwamba mashine ya kupima inasoma klachi imeliwa asilimia ngapi. Muuzaji akikataa lisomwe, umeshapata jibu.

MHASIBU: Kwa hiyo anayetaka gari la kwendea kazini...

FUNDI: Anunue Corolla ya kwendea kazini. Hili liwe la pili. Mwenye gari moja tu, na gari hilo moja liwe Gallardo, huyo simtengenezei gari, namhurumia.

Nilitarajia Kijana anyamaze hapo. Badala yake alibadilisha mkondo, akatoka kwenye maradhi ya magari akaenda kwa wenye kuyatibu. Sehemu hii ya mjadala naiachia nafasi kubwa zaidi, kwa sababu mafundi wetu wengi, wa Sharjah, Kariakoo, hata Kirinyaga Road ya Nairobi, wataikuta tena katika magari ya kawaida miaka si mingi ijayo.

KIJANA: Ami, wewe unasema gari ghali. Mimi nasema gari si ghali, wanaoshika funguo ndio ghali. Ferrari 458 Italia ilitoka 2009 na giaboksi ya klachi mbili, iliyotengenezwa na Getrag wa Ujerumani. Giaboksi nzuri, haina ile shida ya kusugua klachi kwenye foleni. Lakini kisensa kidogo ndani yake kikifa, gari linakataa gia, na kwa miaka kadhaa jibu la wakala lilikuwa kubadilisha giaboksi nzima. Dola 30,000 na kitu, kwa ajili ya sensa! Hiyo ni gharama ya gari, au ni kodi?

DALALI: Kodi ya ufalme.

FUNDI: Hapo sina ubishi na wewe. Giaboksi ile ilikuja imefungwa, hakuna spea za ndani zilizouzwa, hakuna mwongozo uliotolewa. Mafundi huru wa Uingereza na Marekani wakaanza kuzifungua wenyewe, wakakuta kinachokufa mara nyingi ni sensa za nafasi ya gia, waya zake, solenoidi na sili. Siku hizi unaweza kutengeneza kwa sehemu ndogo ya ile 30,000. Lakini ukishaifunga, kompyuta inatakiwa ifundishwe upya klachi zinashikia wapi. Bila mashine sahihi umekaa na giaboksi nzima na gari lisilotembea. Mashine hiyo na leseni yake ndiyo inayotofautisha fundi wa Ferrari na fundi anayeogopa Ferrari.

MHASIBU: Na bei ya mashine inaingia kwenye ankara ya mteja.

FUNDI: Inaingia wapi kwingine, binti yangu? Mimi nina watoto.

MHASIBU: Nauliza kitu kimoja. Ferrari hutoa sevisi ya miaka saba bure kwa magari mapya, na gari likiuzwa ndani ya miaka hiyo, haki inahama pamoja nalo. Je, hilo halimsaidii mnunuzi wa mtumba?

FUNDI: Linamsaidia kwa kujua kwamba sevisi zimefanywa, na hilo si dogo. Lakini ni sevisi ya ratiba tu. Oili, filta, ukaguzi. Breki, matairi na kilichovunjika ni juu yako. Na mwaka wa nane ndipo utakapoona wengi wanauza.

Mwaka wa nane! Nimelipenda jibu hilo kuliko yote ya jioni ile, kwa sababu linaeleza kwa nini soko lina magari mengi mazuri ya umri uleule, na kwa nini wauzaji wake wana haraka.

Juu ya McLaren tulipita upesi, ingawa Dalali alikuwa na moja ya kuuza. MP4-12C, la kutoka Woking, Uingereza, lilianza kuuzwa 2011 kwa pauni 168,500, na leo huonekana chini ya nusu ya bei hiyo. Dalali akaita hiyo zawadi. Fundi akataja akumuleta za mfumo wa shokapu za haidroliki, zinazopoteza gesi na kufanya gari lidunde kama mkokoteni, sili za giaboksi zinazovuja, na skrini ya magari ya mwanzo iliyokuwa ikizimika ipendavyo. Akasema kaboni ya chasi yake haina ubaya na injini ni imara. "Ni gari la mtu mwenye wakala karibu na subira nyingi," akamaliza, na Dalali akahamia kwenye kitu kingine.

Kitu hicho kilikuwa ajali.

DALALI: Mnaogopa kutengeneza kana kwamba kutengeneza kunaua thamani. Rowan Atkinson, yule mchekeshaji, aligonga McLaren F1 yake mwaka 2011. Bima ilitoa pauni 910,000 kulitengeneza. Mwaka 2015 akaliuza pauni milioni nane! Nani alipata hasara?

FUNDI: F1 zilitengenezwa 106 tu, na kiwanda ndicho kilichoitengeneza ile. Wewe unauza Gallardo ya mnada wa Marekani iliyokatwa pua ikaunganishwa uani. Usizichanganye.

MHASIBU: Hili lifafanue, ami, kwa sababu Kijana ameletewa moja.

FUNDI: Bima ya Marekani imelihukumu gari kuwa halifai, limeandikwa hivyo kwenye hati, limeuzwa mnadani, limepakiwa kontena. Linafika hapa, linanyoshwa, linapakwa rangi. Bei yake ni theluthi mbili ya gari la GCC. Gari la GCC ni lile lililouzwa jipya Ghuba, na wakala wa hapa analijua tangu siku ya kwanza. Chasi ya Gallardo na ya 360 ni ya alumini. Alumini hainyoshwi kwa nyundo na moto kama chuma cha Hilux. Inachomelewa kwa utaratibu wake, kwenye meza yenye vipimo, na mahali palipopata joto pasipotakiwa panakuwa laini. Gari litatembea sawa, mpaka utakapofunga breki kwa nguvu likavuta upande. Kisha tangu tarehe 16 Aprili 2024 tumeongeza ugonjwa wa pili, magari ya mafuriko. Mvua ya siku ile, Khatm Al Shakla kule Al Ain walipima milimita 254.8 chini ya saa 24. Chini ya majengo ya Dubai na Sharjah magari yalizama hadi usukani. Gari la namna hii lina kompyuta na soketi za waya kila pembe. Zikiingia maji hazifi siku hiyo, zinaota ukungu wa kijani na kufa moja moja kwa miaka miwili. Vuta mkanda wa usalama mpaka mwisho, unuse. Inua zulia. Tazama skrubu za viti.

KIJANA: Haya. Wote mmesema. Nami nina swali moja ambalo hakuna aliyenijibu tangu mwanzo. Mtu anayenunua gari jipya la kifahari kwa dirhamu 500,000, baada ya miaka mitatu limebaki 300,000, amepoteza dirhamu 200,000, zaidi ya dola 54,000. Hakuna anayemwita mjinga. 360 limeshashuka lilivyoshuka miaka iliyopita, sasa limesimama. Yale yenye gia ya mkono, yenye kile kibao cha chuma chenye mifereji, yamepanda, kwa sababu wengi walinunua ya F1 na ya mkono yakawa machache. Nikilitunza na kuliuza baada ya miaka mitatu kwa bei ileile, je, mimi na yeye nani kapoteza?

Dalali alipiga makofi. Nami, kama mwenyekiti asiyepaswa kuwa na upande, niliona Kijana ameshinda raundi hiyo. Wapinzani wa magari haya huhesabu ankara za gereji na kusahau kwamba kushuka thamani nako ni ankara, ila hailetwi na mtu mlangoni. Mhasibu alikuwa ameshatoa kalamu.

MHASIBU: Mdogo wangu, hoja yako ni nzuri, tuiandike. Miaka mitatu, kilomita 4,000 kwa mwaka, jumla 12,000. Mikanda na mafuta yote, mara moja, 4,500. Klachi mara moja, 5,000. Matairi 1,500. Sevisi za kila mwaka, 1,000 mara tatu. Bima, tuseme asilimia tatu ya thamani, kama utapata kampuni ya kukubali bima kubwa kwa gari la umri huo, 6,600 kwa miaka mitatu. Na dola 10,000 za yale ambayo hatuyajui leo.

KIJANA: Hizo 10,000 umezibuni.

MHASIBU: Kama nilivyobuni kwamba ekzosi ya gari lako ni nzima. Jumla, 30,600. Gawanya kwa kilomita 12,000, ni dola 2.55 kwa kilomita, petroli bado. Teksi ya Dubai haifiki dola moja.

KIJANA: Sinunui teksi. Na 30,600 ni ndogo kuliko 54,000.

MHASIBU: Ni ndogo, sikatai. Tofauti haiko kwenye jumla. Mwenye gari jipya hasara yake inamjia kidogo kidogo na haimdai pesa taslimu mpaka siku ya kuuza. Yako inakuja Jumanne moja, dola 9,000, mwezi ambao umetuma ada za shule Mombasa. Ukiwa nazo, umeshinda, utaliuza kwa bei ileile kama ulivyosema. Ukiwa huna, utaahirisha. Ukiahirisha, hiyo bei ileile inakufa, kwa sababu atakayekuja kununua atakuwa na ami kama huyu.

KIJANA: Kwa hiyo?

MHASIBU: Kwa hiyo gari lako halina bei ya 73,500. Lina bei ya 73,500 na 20,000 zilizokaa benki bila kuguswa. Spea zinauzwa kwa bei ya gari lililokuwa la dola 140,000, tena baadhi zimepanda kwa sababu zimekuwa adimu. Hakuna duka litakalokuuliza ulilinunua kwa ngapi.

DALALI: Na akishindwa si atalipeleka nyumbani? Ferrari Mombasa! Nyali nzima itatoka nje.

MHASIBU: Kenya haisajili gari la usukani wa kushoto, ila la kazi maalumu. Na gari la mtumba lisizidi miaka minane tangu liliposajiliwa mara ya kwanza. La 2002 mlango ulifungwa kwake kitambo. Hili likinunuliwa Ghuba litauzwa Ghuba.

DALALI: Basi Bujumbura, wanaendesha kulia.

FUNDI: Na matuta ya Bujumbura atayaruka kwa mabawa?

Kabla sijafunga nilimuuliza Fundi kama kuna kitu kimoja ambacho angekikataa kabisa, hata gari lingekuwa la bure. Nilidhani atasema alumini iliyounganishwa. Akasema matairi ya zamani.

FUNDI: Ubavuni mwa tairi kuna tarakimu nne, wiki na mwaka wa kutengenezwa. Wanunuzi wanatazama kashata, yale meno ya tairi, wanaona ndefu, wanafurahi. Gari lililolala lina kashata nzuri siku zote. Mwaka 2013 Paul Walker alikufa California ndani ya Porsche Carrera GT iliyoendeshwa na rafiki yake. Polisi wa kaunti ya Los Angeles walisema sababu ni mwendo, na wakataja kwamba matairi yalikuwa na umri wa miaka tisa. Mpira ukikauka haushiki lami, hata kama kashata iko kama mpya. Tairi ndiyo spea rahisi kuliko zote tulizozitaja leo, na ndiyo watu wanayoionea choyo.

KIJANA: Ya lile 360 sikuyaangalia.

FUNDI: Najua.

MHASIBU: Una hizo 20,000?

KIJANA: Nina 12,000. Nikisubiri mpaka mwakani nitakuwa nazo.

DALALI: Mwakani litakuwa limeuzwa!

KIJANA: Litakuwa limeuzwa, na litarudi sokoni. Ila ami, mwakani nikipata jingine, utakuja kulitazama?

FUNDI: Nitakuja alfajiri. Mwambie muuzaji asiliwashe kabla sijafika, na nitagusa injini kwanza kujua kama kasema kweli. Likiwa baridi, ufa wa ekzosi unasikika, taktaktak, kisha chuma kikipata moto unazibika na huusikii tena. Moshi wa gaidi za valvu nao ni wa dakika za mwanzo tu. Nikiikuta injini ina vuguvugu, sitoi hata tochi mfukoni.